Kamba Moja kwa Visima Viwili

Sogeeni hapa, wanangu, na wewe Sikudhani niinulie mto kidogo, maana maneno ya leo nataka yatoke nikiwa nimekaa, nisije nikaambiwa kesho kwamba bibi alikuwa anaweweseka. Kondo, zima hiyo simu. Wateja wako wa Maili Moja watasubiri, mama yako hana uhakika wa kusubiri. Mwenyekiti wa kijiji nakuona, sheikh nakuona, ahsanteni kwa kupanda kilima changu na jua hili, na nikiteleza ulimi mniwie radhi, ila nyinyi ni mashahidi tu, msinisaidie kusema. Bismillahi nilishaisema moyoni, sasa naisema kwa sauti mbele yenu: mimi Mwamini binti Shomari, akili zangu zimo zote, mwili tu ndio unaoniaga.

Nina neno moja. Neno lenyewe ni kilima hiki tulichokikalia, ambacho Kondo anataka kumuuzia Telesphory achimbe mchanga wa matofali, na ni kile kisima cha bondeni kwa mama yenu mdogo, Hajra. Mtasema hayo ni maneno mawili. Nisubirini nifike mwisho, mtaona ni moja, na mtaona kwa nini nimelificha peke yangu muda wote huu kama mwanamke anavyoficha kitu kwenye pindo la khanga.

Hayo mengine hayana mzozo. Nyumba, mikorosho na minazi ya kule barabarani mtagawana kama sheikh atakavyowaelekeza, sina ubishi na sheria ya Mungu. Mikeka yangu na sufuria zangu za kupikia rangi nilishampa Sikudhani mkononi nikiwa mzima, na Kondo ulikuwepo, usije ukajifanya umesahau. Ng'ombe sina. Simtangi la maji la nje libaki hapo hapo lilipo. Basi tumemaliza ya dunia nyepesi, njooni sasa kwenye donge lililonikaa kooni.

Baba yenu Zahoro alikuwa mtu wa haki. Wote mlimsikia akisifiwa hivyo hata siku ya maziko yake, na mimi nilikuwa nimekaa ndani na buibui langu nikasema moyoni, wangejua hao haki yake ilivyonitenda. Alipomuoa Hajra alimjengea kule bondeni, kwenye ardhi aliyoifyeka kwa mikono yake, kwa sababu kilima hiki ni cha baba yangu na nilimwambia wazi kwamba hapa hapandi mwanamke mwingine. Akakubali. Tangu hapo kila kitu kikawa viwili. Akinunua khanga, doti mbili za rangi moja na jina moja, tukienda harusini tunafanana kama mapacha, na mimi nilikuwa nikimwona Hajra ameivaa ile khanga vizuri kuliko mimi, kijiba cha roho kinanipanda. Akileta samaki, anamkata mbele yetu, mimi kichwa leo, yeye kichwa kesho. Zamu za kulala hakukosea hata siku moja, hata alipokuwa na homa alikuwa anajikokota na blanketi lake kupanda kilima au kushuka, ili mradi mwenye zamu asinung'unike.

Sasa ukaja mwaka wa ukame, vuli ikagoma, masika ikanyunyiza ikaondoka, na sisi wanawake tukawa tunakwenda kuchota kule bwawani wanakonyweshea ng'ombe wafugaji waliotoka bara. Maji yenyewe ya kijani, unachuja kwa kitambaa na bado unatafuna mchanga. Zahoro akasema, nitawachimbia visima wake zangu, kila mmoja mlangoni pake. Nikafurahi, wanangu, msione hivi, nilipiga kigelegele. Akasokota kamba ya katani, ndefu, akaifunga fundo mwishoni, akatuita wawili tukakaa mkekani akatuonyesha. Akasema, hii ndiyo kamba yenu, nitachimba kwa Mwamini mpaka fundo liguse chini, nitachimba kwa Hajra mpaka fundo liguse chini, asije mtu akasema Zahoro amempendelea mwenzake.

Nyinyi mnacheka. Chekeni. Watu wote wa dunia huchimba kisima mpaka wapate maji. Baba yenu alichimba mpaka fundo.

Akaanza kwangu, mke mkubwa. Alichimba hapo nje, hapo penye bati kuukuu linalofunika shimo, na kila kikapu kilichopanda kilikuwa mchanga mweupe mkavu kama unga wa muhogo. Mimi nasimama ukingoni naangalia nasema labda kikapu kijacho, labda kijacho. Fundo likagusa chini. Akatoka, akajipangusa, akaniambia, kwako nimemaliza. Nikamwambia, mume wangu, maji yako wapi? Akasema, maji ni ya Mungu, mimi wangu ni uchimbaji. Akateremka na jembe lake bondeni, na kabla kamba haijafika hata nusu nikasikia makelele, nikadhani shimo limemfunika, nikakimbia bila viatu. Nafika nawakuta vijana wanamvuta juu, maji yamemfika magotini, anacheka kama mtoto, na Hajra ameinama ukingoni anajinawisha uso.

Nilimsihi. Nilimwambia anichimbie pima moja tu zaidi, pengine maji yako hapo chini ya wayo. Mnajua alinijibu nini? Alisema, Mwamini, kwako kamba imekwisha yote, kwa Hajra imebaki zaidi ya nusu, tukienda kwa haki wewe umeshapata zaidi, nikikuongezea tena nitakuwa nimemdhulumu mwenzio. Akasema hivyo uso mkavu, akiamini kabisa, na nusura nimsukumie shimoni na kamba yake. Na hakuna mtu wa kumshtakia, maana ningekwenda kwa wazee nikaseme nini, kwamba mume wangu amenipimia sawasawa?

Tangu siku ile Hajra akawa mtu na mimi nikawa mwenye shimo. Nasema yote, sibakishi. Niliona gere mpaka chakula kikawa hakishuki. Harusi ikiwepo, maji ya kupikia wali yanatoka kwa Hajra. Msikitini, maji ya udhu yanatoka kwa Hajra. Mtoto akizaliwa, anaogeshwa maji ya Hajra. Wanawake wakienda kuchota wanakaa pale, wanasukana, wanaelezana habari za kijiji chote, na habari zikifika huku juu kwangu zimeshapoa. Watu wakimwona njiani wanamwamkia kwa majina, shikamoo mama wa kisimani, na alikuwa binti mdogo, hata mvi hana. Na Zahoro, siku ya zamu yangu, anapanda kilima na ndoo ya maji ya kule kwenye baiskeli, eti ya kuogea, anaoga kwangu kwa maji ya mke mwenzangu, kisha ananiambia maji ya bondeni matamu kweli, Mwamini, jaribu. Nilikuwa namwaga yanayobaki kwenye mgomba, na ule mgomba nao nikauchukia, kwa namna ulivyostawi.

Kibaya zaidi, Hajra hakuninyima. Angeninyima ningepona, ningepata la kusema, ningegombana naye mbele ya watu roho ikatulia. Yeye kila akiniona anaita, dada Mwamini, karibu maji, na sauti yake haina hata kejeli. Nilimtafutia kejeli katika ile sauti kama mtu anayetafuta chawa. Sikuipata. Basi nikaapa mwenyewe, bila shahidi, kwamba maji ya kisima kile hayatapita kooni mwangu. Nikapiga mfereji wa bati pembeni mwa paa, nikapanga mitungi na pipa, nikawa nakinga mvua, na nikijisifu kwa majirani kwamba yangu yanatoka kwa Mungu moja kwa moja, hayakupita kwenye udongo wala kwenye nyayo za watu. Kiangazi pipa likikauka narudi bwawani na ng'ombe. Nyinyi watoto mlikuwa mnateremka kwa siri kwenda kunywa kwa mama yenu mdogo, mnarudi midomo imelowa, mnanidanganya mmetoka kucheza. Nilikuwa najua. Ningewanyima maji watoto wangu kwa ajili ya donge langu? Niliendelea kusuka ukili wa mikeka yangu.

Sikudhani, nigeuzie bega hili. Hivyo, taratibu.

Sasa sikilizeni lile nililoficha. Mnajua kazi yangu ilikuwa mikeka. Ukindu nauchemsha kwa rangi kwenye sufuria, nyekundu, kijani, zambarau, na maji ya rangi yanayobaki hayamwagwi ovyo, kuku wakiyanywa wanakufa. Nilikuwa nayamwaga shimoni, kwenye kisima changu cha haki, nikisema angalau lina kazi. Ukaja mwaka nikaletewa oda ya mikeka ya harusi kubwa ya Kibaha, bibi harusi anataka zambarau tupu. Nilipika zambarau sufuria juu ya sufuria, nikamwaga, nikamwaga, na mvua za masika zikaja juu yake. Mvua zikakatika. Siku moja nasikia vilio bondeni, wanawake wanaita, kisima kimeingia damu. Nikateremka kama wenzangu. Hajra amekaa chini analia, sheikh wa wakati ule, Mungu amrehemu, anasoma dua, na ndoo iko katikati ya watu, hakuna anayethubutu kuigusa. Nikachungulia.

Haikuwa damu. Yalikuwa maji yenye wekundu mdogo unaoelekea zambarau, mwepesi, unaonekana kwa kuinamisha ndoo tu, na ile rangi niliijua kama mtu anavyomjua mtoto wake katikati ya watoto wa sokoni. Nilirudi huku juu sikusema na mtu. Nikakaa ukingoni mwa shimo langu, nikafikiri, na nilipomaliza kufikiri nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Kwa sababu nilielewa, wanangu. Mvua inapiga juu ya kilima hiki, haitiririki, mtu yeyote aliyekulia hapa anajua kwamba hapa hata mvua kubwa haiachi dimbwi. Mchanga unainywa. Inashuka humo ndani polepole, mpaka inakutana na udongo wa mfinyanzi usiopitisha kitu, na hapo maji yanageuka, yanafuata ubavu, yanateremka gizani kuelekea bondeni, na yanapofika chini yanamkuta Hajra amekaa na ndoo. Ndiyo maana kisima chake hakipandi siku ya mvua. Kinapanda mvua ikishakatika, watu wote wakiwa wameanza kulalamika jua, ndipo kinajaa, nao wanasema kisima cha Hajra kina baraka. Baraka! Ni kilima cha Shomari, baba yangu. Ni maji yangu yaliyokuwa safarini.

Rangi ile ilipotea baada ya siku kadhaa, wakasema dua imejibiwa. Sikuwatoa kwenye furaha yao. Rangi nikaanza kuimwaga upande wa pili, kule barabarani, na siri nikabaki nayo. Niseme kwa nini? Hajra alikuwa na kisima, alikuwa na sifa, alikuwa na zamu sawa na zangu na khanga sawa na zangu. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yeye hana. Nilikuwa nasimama hapa juu namwona anavuta kamba yake, namwambia moyoni, vuta, mdogo wangu, vuta, unakunywa kwangu na hujui.

Na ndiyo maana mkasikia watu wanasema Mwamini ana choyo na kilima chake. Wachoma mkaa walikuja nikawafukuza na mchi. Shemeji yangu alitaka kuchimba choo kule juu kwenye kichaka, nikakataa mpaka akanuna mwaka mzima, nikamwonyesha upande wa barabara. Kile kichaka mlichokuwa mnaniambia nifyeke kinafuga nyoka, sikukifyeka. Wakadhani naficha uganga. Sikuwa na uganga wowote, nilikuwa na wivu tu, nilikilinda kilima kama mtu anavyomlinda mume, asije mtu akakiingilia. Wala msinitafutie wema hapo. Wema haukuwepo.

Nipeni nipumue.

Haya. Kondo, mwanangu, hili ni lako. Ulimleta Telesphory hapa, kijana mwenye adabu, ameniletea doti ya khanga na soda, ameniamkia shikamoo bibi, nikamwitikia marahaba baba. Akasema kwake Maili Moja matofali hayashikiki kwa kutoka, watu wanajenga, na mchanga wa kilima hiki ni mweupe haujapata kuonekana. Wewe ukasema, mama, kilima hakikuletei kitu, hata mahindi hayakubali, tukiuze tumalize fremu zetu za maduka. Na nilipouliza habari ya maji ukanijibu siku hizi kuna bomba, visima ni mambo ya zamani. Mimi nikamuuliza Telesphory swali moja tu. Nilimuuliza, utachimba mpaka wapi? Akasema, mpaka mfinyanzi, bibi, tukifika kwenye mfinyanzi tunaacha, ule hauna faida.

Mkaniona nimetabasamu. Mkadhani nimekubali. Ngoja niwaambie nilichokuwa naona. Nilikuwa naona kilima kimeondoka na malori, kimebaki bakuli la tope, mvua inapiga inatiririka barabarani, na Hajra anatupa ndoo kisimani, kamba inakwisha, ndoo inagonga pakavu. Ule mlio naujua. Niliusikia mimi peke yangu siku fundo lilipogusa chini. Nilitamani ausikie. Nilitamani mpaka mate yakanijaa mdomoni, na kidole changu cha gumba kilikuwa tayari, mngeniletea karatasi saa ile ile ningekitia.

Nyinyi hamkuwa nayo karatasi. Telesphory akasema ataileta wiki inayofuata, na katika wiki hiyo nikaanguka, mkanilaza hapa.

Sikudhani, mwanangu unayeniogesha, unadhani mama yako ni mjinga? Uliniambia unaniogesha maji ya bomba. Maji ya bomba nayajua, yananuka dawa, na yakikauka mwilini ngozi inavuta. Haya unayonimwagia hayanuki kitu, yana ubaridi wa chini ya ardhi, na kila asubuhi kabla hujaingia nasikia pumzi za mtu mzee anayepanda kilima, na kikohozi, na ndoo inatuliwa kwenye saruji. Mwanamke yule magoti yake mabovu. Ana wajukuu wa kuwatuma, ana mkokoteni, na bado anapanda mwenyewe na ndoo kichwani, anaitua, anashuka, haingii ndani kwa sababu anajua nitamfukuza. Nimejifanya sijui. Nimejiachia nikaogeshwa maji yake na nimefumba macho, na roho iliniuma kuliko ilivyoniuma siku ya kisima, kwa sababu hata katika kunipenda amenishinda.

Basi nikalala hapa nikafikiri upya. Kilima kikiondoka na malori, Hajra atakuwa na shimo kama mimi. Vizuri. Na kisha? Watu watakwenda kumpa pole. Watamwonea huruma, watasimulia jinsi kisima chake kilivyokuwa kitamu, watamsifu zaidi kikiwa kimekufa kuliko kilipokuwa hai, na mimi nitakuwa kaburini sina hata cha kujibu. Nani atakuwa anakunywa kwangu siku hiyo? Hakuna. Nitakuwa Mwamini aliyechimbiwa shimo, nikafa, na watoto wangu wakauza mchanga. Sikubali. Kisima kile ndicho ushahidi wangu wa pekee kwamba nami nilikuwa na maji. Kikiwa hai, kila ndoo ni yangu, hata wasiponitaja.

Na hilo bomba lako, Kondo, silitukani, ni jambo jema na mwenyekiti amelipigania. Lakini bomba halizai maji, linakunywa mto Ruvu, na Ruvu nayo inakunywa kwenye vilima kama hiki vya watu wengine huko ilikotoka. Mwaka ule Ruvu ilipopungua, maji ya mjini yakawa ya mgawo, nani alikuja hapa na kigari kimejaa madumu? Ulikuwa wewe na mkeo. Mlipita mlangoni kwangu mkanipungia mkono, mkateremka kwa mama yenu mdogo. Nilikuona. Kila mtu akiuza kilima chake kwa sababu jirani ana bomba, hilo bomba litaleta upepo.

Kwa hiyo andika, sheikh, na mwenyekiti sikia. Kilima hiki chote, kuanzia mpaka wa barabarani mpaka ukingo wa bonde, pamoja na kichaka chake, ukiacha nyumba hii tu, nakifanya wakfu kwa ajili ya maji ya watu wa hapa. Hakiuzwi, hakirithiwi, hakigawanywi. Hakichimbwi mchanga, hakichomwi mkaa, hakiwekwi choo. Umeniambia, sheikh, kwamba hakizidi theluthi ya nilicho nacho, kwa hiyo hakuna niliyemdhulumu. Kondo, usiiname, mwanangu. Fremu zako utazimaliza kwa korosho, polepole, na Telesphory mwambie mama anamshukuru kwa khanga, ila mchanga akatafute kwingine.

Wasimamizi watakuwa wawili, Sikudhani na Pazi mtoto wa Hajra. Msishtuke. Nani atakilinda kilima kwa wivu kama wangu, kama si mtu ambaye kisima cha mama yake kinaishi kwa hicho kilima? Na kila akipanda huku kukifukuzia wachoma mkaa, Pazi atakuwa anafanya kazi ya Mwamini, nami huko niliko nitakuwa nimeridhika. Pale kisimani mkaweke kibao, si lazima kikubwa. Kiandikwe kwamba maji haya yanatoka kilima cha Mwamini binti Shomari. Kisima chenyewe wacha kiendelee kuitwa cha Hajra. Watu wamekwishazoea... wala sina nguvu za kuwabadilisha.

Kaburi langu. Nilikuwa nikiwaambia mnizike huku juu kabisa, kichakani, ili Hajra akiinua macho anione. Nafuta maneno hayo. Mmeshasikia yanayomwagwa huku juu yanafika wapi. Nizikeni makaburini, ng'ambo ya barabara, pamoja na watu wengine. Nitakuwa chini. Si neno.

Ile kamba ya baba yenu imo kwenye sanduku, chini ya nguo zangu za Idi. Haijaoza, nimekuwa naianika. Msiikate katikati mkagawana kwa haki, mmeona haki ya kamba ilivyonifanya. Fungeni ndoo kwenye kamba hiyo, mteremke bondeni, mchote maji ya kuniosha. Nataka fundo la Zahoro liguse maji, angalau mara hii moja, kwa ajili yangu.

Mungu awape riziki zisizogombana. Kondo, awape watoto wako afya na akupe wewe subira. Sikudhani, akulipe kwa mikono hii iliyonigeuza. Awatie nuru, awaepushe na donge kama langu, na kama lazima mmuonee mtu wivu, basi... basi mumwonee wivu mtu mwema, atawafaa. Radhi zangu mnazo wote. Pazi pia. Mwambieni.

Fungueni pazia hilo. Hajra, najua uko hapo barazani tangu nilipoanza, kikohozi chako nakijua kuliko changu. Ingia. Ingia, hapandi mwanamke mwingine nilisema zamani, sasa nimesema ingia. Kaa hapa kitandani. Usilie, tafadhali, ukilia watakuonea huruma wewe, na leo ni zamu yangu.

Ile ndoo ya asubuhi... bado ipo? Sikudhani, lete kikombe, mpe yeye. Achote yeye. Usiniambie karibu maji, Hajra, umeshaniambia maisha yangu yote. Mimi ndiye ninayekukaribisha. Nipe maji yangu. Nishikie kikombe, mkono hauna nguvu... hapo. Hapo.

Eh. Matamu. Alisema kweli, mume wetu.

Niongezee.